Dumu la mama muuza dagaa

Ndugu mkulima, nawe mfanyabiashara wa gulioni, unakumbuka Machi 2020? Tarehe 16 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyetoka Ubelgiji na kuingia Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alifunga shule na kuzuia mikusanyiko kwa siku 30. Masoko yaliendelea.

Mimi nilifuta vikao, nikaanza kuzunguka shamba kwa shamba kwenye pamba za Bunda. Nilidhani nimetii agizo, kumbe kila nilipofika nilipeana mikono na watu.

Jioni moja nilipita Butiama kununua dagaa wa Musoma. Nikamnyooshea mkono mama muuzaji. Akaukataa: "Mwanangu, nawa kwanza." Pembeni ya meza alikuwa na kibuyu chirizi. Niliona aibu, mtaalamu ndiye aliyefundishwa.

Tengeneza chako hivi. Chukua dumu la lita 5, toboa tundu dogo chini kidogo ya mdomo. Pitisha fimbo kwenye mkono wa dumu, uiegemeze kwenye miti miwili yenye panda. Funga kamba mdomoni, ishuke hadi kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, nawe hujagusa kitu. Ning'iniza na sabuni.

Korona ilipotulia, madumu mengi yaliondolewa. Rudisha lako. Kipindupindu na kuhara hupita mikononi vilevile, na pale mezani pako waziri hayupo. Upo wewe na mteja wako.