Ugomvi wa chapa za simu haukutunza sauti ya babu

Katika ukoo wetu kuna vyama vinne, na hakuna hata kimoja kilichosajiliwa kwa msajili wa vyama vya siasa. Kuna chama cha Samsung, cha Tecno, cha Infinix na cha iPhone. Kila tukikutana kwenye harusi au msiba, chakula kikishaliwa, mmoja hutoa simu mfukoni, mwingine huitazama kwa dharau, na mkutano wa hadhara unaanza.

"Yangu inakaa na chaji siku mbili."

"Inakaa na chaji, lakini ikikupiga picha unatoka mweupe kama chaki!"

"Na wewe wa macho matatu, mbona kila saa unaulizia chaja?"

Wakubwa tunacheka. Watoto wamekaa pembeni wanasikiliza, na wanachookota hapo wanakwenda nacho shuleni.

Nina steshenari hapa Ihanda, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Natoa fotokopi, nasafisha picha, nachapa barua za maombi ya kazi. Simu za kila aina hupita mezani kwangu, na waliopoteza picha hupita pia. Kwa miaka yote hiyo sijaona chama ambacho wanachama wake hawalii.

Lakini ukweli huo uliingia ndani ya nyumba yetu mwaka juzi, wakati wa kuchuma kahawa, tulipompoteza baba mkwe.

Mzee hakuwa mtu wa kuandika. Alitumia kitochi cha kupigia tu. Akitaka kuzungumza na binti yake aliyeolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alimwita shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, amrekodie sauti na kuituma kwa WhatsApp. Kwa hiyo simu ya shemeji ndiyo ilikuwa sanduku la mzee. Mlikuwa na picha za miaka minne, sauti zake, na video moja ya karibu dakika ishirini. Katika video hiyo mzee anatembea na fimbo kuzunguka shamba la kahawa, anaonyesha mipaka: mti huu, mfereji ule, jiwe lile, jirani gani alipewa na nani na kwa makubaliano gani.

Wiki moja na siku kadhaa baada ya mazishi, shemeji alipanda bodaboda kwenda Tunduma. Pikipiki iliruka kwenye shimo, simu ikatoka mfuko wa shati, ikaangukia lami. Lori lililokuwa nyuma likapita juu yake. Hakuna wa kulaumiwa. Ilikuwa barabara, shimo na lori.

Tuliipeleka kwa fundi Tunduma ikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Aliifungua, akaiangalia kwa lenzi, akaniambia kwa upole, "Mama, kingevunjika kioo ningekubadilishia sasa hivi. Hapa imevunjika bodi yenyewe."

Nikamuuliza kama hawezi kutoa kile kipande kinachotunza picha akakiweka kwenye simu nyingine. Akanieleza kitu ambacho kila mzazi anapaswa kukijua. Katika simu janja za siku hizi, memori ya ndani imechomelewa kwenye bodi, na vilivyomo vimefungwa kwa mafumbo ambayo ufunguo wake umo ndani ya simu hiyo hiyo. Ukikihamisha kipande hicho peke yake, simu ya pili haitasoma kitu. Ulinzi huo unamzuia mwizi asione picha za familia yako, na bodi ikifa unakuzuia na wewe.

Sitaitaja chapa ya simu ile. Nikiitaja nitakuwa nimewapa watu hoja, na hoja walikuwa nazo za kutosha. Jioni ile nyumbani, badala ya kulizungumza la mzee, vyama vilianza kazi. "Nilisema asinunue zile." "Ingekuwa ya kwangu, bado ingewaka." Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa, macho mekundu, na ndugu zake wanamsomea ubora wa simu zao.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka. Akawauliza, "Mnagombea simu ya nani? Mimi nataka kuisikia sauti ya mwenzangu."

Hakuna aliyejibu.

Kesho yake niliomba simu za ndugu waliokuwepo, moja moja, nikaangalia kama zina nakala mahali pengine. Simu saba, za vyama vyote vinne. Hakuna hata moja iliyokuwa imehifadhi picha za mwaka ule nje ya simu yenyewe. Tatu kati yake zilionyesha kwamba huduma ya kuhifadhi imewashwa, na wenyewe waliamini wako salama. Kumbe zilikuwa zinasubiri Wi-Fi.

Mzazi mwenzangu, hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Google Photos na WhatsApp, kwa mpangilio wake wa kawaida, hutuma nakala simu ikiwa kwenye Wi-Fi ili zisimalize bando lako. iPhone nayo hutegemea Wi-Fi kupeleka nakala iCloud. Waliotengeneza mpangilio huo wana Wi-Fi nyumbani. Sisi wa Ihanda tunaishi kwa bando. Simu inaweza kusubiri Wi-Fi miaka minne na isiipate hata usiku mmoja.

La pili lilikuwa barua pepe. Simu ya shemeji, kama nyingi zinazoletwa mezani kwangu, ilifunguliwa na kijana wa dukani siku iliponunuliwa. Kijana alijitungia anwani na nywila, akaikabidhi simu ikiwa inawaka. Hata kama kulikuwa na picha zilizopanda Google, hatukuwa na mlango wa kuingilia.

Kijana wangu wa kidato cha pili aliniuliza swali zuri siku hiyo: "Mama, mbona hela za baba mdogo zilizokuwa kwenye simu hazikupotea?" Kweli, shemeji alikwenda na namba yake ya NIDA, akaweka kidole, akapewa laini mpya, na fedha zake zikawa kama alivyoziacha. Nikamwambia mwanangu kwamba hela hazikuwahi kuwa ndani ya simu. Zimeandikwa kwenye kompyuta za kampuni, na simu ni dirisha tu la kuzitazamia. Picha na sauti zilikuwa ndani ya simu, na hazikuandikwa mahali pengine popote.

Tulichookoa kilitoka kwa waliokuwa wanasumbua. Kuna shangazi ambaye tulimzoea kwa kutuma kila kitu kwenye kundi la ukoo, na wengine walikuwa wamemzima mlio. Kila picha aliyotumiwa na shemeji aliirusha kundini. Tulipata picha arobaini na moja za mzee. WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha, kwa hiyo za kadi ndogo zimesafishika vizuri, lakini za kukuza kwenye fremu kubwa zinaanza kufifia. Tangu mwaka 2023 kuna kitufe cha HD unapotuma picha. Kitumie, au itume kama dokumenti, ifike ilivyo.

Wifi yangu wa Nakonde ndiye aliyekuwa na sauti. WhatsApp haiweki ujumbe wako ghalani kwake ukishafika. Unabaki kwenye simu ya aliyetuma na ya aliyepokea. Sauti sita hakuzifuta. Alivuka mpaka akaja nazo, tukakaa jikoni. Katika moja mzee analalamika kwa Kinyiha kwamba chai ya siku hizi haina sukari. Mama mkwe aliomba irudiwe. Tukairudia mara nne.

Video ya mipaka haikupatikana. Ilikuwa nzito, haikutumwa kwa mtu yeyote.

Nimefikiri sana kuhusu vile vyama vyetu. Tecno na Infinix, ambazo wanachama wake hutukanana hadi usiku, pamoja na itel, zote ni za kampuni moja ya China, Transsion ya Shenzhen, iliyoanzishwa mwaka 2006. Ni watoto wa baba mmoja. Samsung na hizo tatu zote hutumia Android ya Google. Na iPhone X ilipotoka mwaka 2017, kioo chake kilitengenezwa na Samsung. Wenye viwanda wanauziana vipuri, sisi huku tunanuniana msibani.

Wakubwa wenzangu mnakumbuka pia Juni 2016, TCRA ilipozizima simu bandia. Kuna watu walilala na simu yenye jina kubwa mgongoni, wakaamka haina mtandao. Jina lililoandikwa kwenye mfuniko halikuwasaidia. Wengi walizitupa kwenye droo, na picha za watoto wao zimo ndani hadi leo. Kama unayo moja na bado inawaka, ichaji wiki hii uhamishe zilizomo.

Baada ya arobaini tuliweka utaratibu wa nyumbani kwangu, na ndugu wengine wakaufuata. Unafuata kanuni aliyoieneza mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumbani.

Nakala ya kwanza ni simu yenyewe. Ya pili ni akaunti ya Google au iCloud. Google inakupa GB 15 bure, na tangu tarehe 1 Juni 2021 picha zote mpya zinahesabiwa humo. iCloud inatoa GB 5. Picha moja ya simu ikiwa na MB 3 hivi, GB 15 zinabeba picha kama 5,000, na barua pepe zako zinakula humo humo. Kwa hiyo kwanza tunafuta takataka: zile picha za "asubuhi njema" na video za vichekesho. Kisha tunaruhusu matumizi ya bando kwa muda, tunapandisha za muhimu, tunafunga tena.

Angalizo: ukifuta picha ndani ya Google Photos, inafutika na kule juu. Inakaa kwenye pipa la taka siku 60 kama ilikuwa imeshahifadhiwa, kisha inakwenda moja kwa moja. Ndiyo maana akaunti peke yake haitoshi.

Nakala ya tatu ni flashi yenye vichwa viwili, ile inayochomekwa kwenye simu na kwenye kompyuta. Inakaa kwa ndugu, si kwetu, kwa sababu moto na mwizi havichagui. Flashi nazo hufa, kwa hiyo kila mwaka tunaifungua kuangalia kama inasoma.

Anwani za barua pepe na nywila zimeandikwa kwenye kaunta buku linalokaa na vyeti vya kuzaliwa. Akaunti ya Google isipoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa, kwa hiyo hata ile ya bibi inafunguliwa mara moja moja. Na kila Desemba nasafisha picha ishirini bora za mwaka, tunaziweka kwenye albamu. Albamu haihitaji nywila wala chaji.

Msimamizi wa kazi hii ni yule kijana wangu wa kidato cha pili. Likizo iliyopita alikuwa ananiomba iPhone, akisema ndiyo isiyopoteza picha, na alikuwa anaificha itel yake wenzake wasiione. Sikumhubiria. Nilimpa kaunta buku na simu za watu wazima watano, nikamwambia atafute ipi ambayo picha zake zingebaki ikikanyagwa na lori leo. Alirudi baada ya siku mbili. "Mama, ni itel yangu tu. Nimeshaiwekea." Tangu hapo shangazi zake humpigia yeye wakitaka kubadilisha simu, na hadithi ya iPhone imepoa, japo haijaisha.

Anachunguza pia zile iPhone zilizotumika zinazouzwa mkononi huko Tunduma. Kama akaunti ya mwenyewe wa kwanza bado imo, simu hiyo inaweza kufungwa na hutakuwa na la kufanya. Mzazi, kabla hujatoa fedha, mwambie muuzaji atoe akaunti hiyo mbele yako.

Mdogo wake marehemu, ambaye watoto wangu wanamwita babu mdogo, bado yuko na miguu yake ina nguvu. Mwezi wa tisa alituita, akachukua fimbo, akatuzungusha shamba lote tangu mtini hadi kwenye mfereji, majirani wakiwepo. Shemeji alirekodi. Mume wangu alirekodi. Wifi alirekodi kwa iPhone yake. Kijana aliandika kila alama kwenye kaunta buku, na majirani wakaweka saini.

Karatasi hizo sasa ziko ofisi ya serikali ya kijiji, tunafuatilia hatimiliki ya kimila. Mle kwenye video, babu mdogo akiwa kwenye jiwe la mwisho, anasikika akiuliza kwa nini simu ni tatu na mtu anayesema ni mmoja. Kijana anamjibu, "Shikamoo babu, wewe endelea tu."