Orodha ya Vya Kuacha

Mwaka 1129, majira ya joto, Zhao Mingcheng alisimama ukingoni mwa mto karibu na Chiyang. Mkewe alikuwa ndani ya mashua. Mume ameteuliwa gavana wa Huzhou na hana budi kwenda kwanza kwa mfalme, peke yake, kwa farasi. Mke akapaza sauti: mji ukivamiwa, nifanyeje? Jibu likaja kutoka nchi kavu likiwa limepangwa vizuri, kana kwamba limetoka kwa karani wa ghala. Aanze kutupa mizigo mizito, kisha nguo na matandiko, kisha vitabu na michoro, kisha vyombo vya kale. Ila vyombo vya ibada ya mababu avibebe mwenyewe, aishi navyo au afe navyo. Baada ya hapo akampiga farasi, akaenda zake.

Wosia huo unanikera. Mwanamke aliyeambiwa afe na vyombo alikuwa Li Qingzhao, aliyezaliwa mwaka 1084, ambaye hadi leo ndiye mshairi mwanamke anayetajwa kwanza ikizungumzwa China ya wafalme. Yeye mwenyewe hakulalamika. Aliyaandika tu maneno hayo miaka kadhaa baadaye, katika hitimisho alilokiandikia kitabu cha marehemu mumewe, Jin Shi Lu, kinachoorodhesha maandishi ya kale ya kwenye shaba na mawe. Kitabu ni cha mume, kazi ya mtaalamu. Hitimisho ni la mjane, na ndilo wasomaji wengi wanalolikumbuka.

Walioana mwaka 1101, bwana harusi akiwa bado mwanafunzi katika chuo cha kifalme mjini Kaifeng. Wote wawili walitoka katika nyumba za maofisa, lakini fedha ya mkononi ilikuwa haba. Siku ya kwanza na ya kumi na tano ya kila mwezi kijana alipopata ruhusa, aliweka nguo rehani kwa sarafu 500, akapita soko la hekalu la Xiangguo, akarudi nyumbani na matunda na nakala za maandishi ya mawe. Nakala hizo zilitengenezwa kwa mkono: karatasi hulowanishwa, hubandikwa juu ya jiwe, hugongwagongwa taratibu mpaka iingie kwenye michongo, kisha hupakwa wino juu yake, na herufi zikabaki nyeupe katikati ya weusi. Jiwe linaweza kuvunjwa kesho, nakala ikabaki. Wakakaa wakila matunda na kuzisoma.

Siku moja mtu aliwaletea mchoro wa maua ya peoni wa mchoraji Xu Xi, akataka sarafu 200,000. Wakaulaza kwao siku mbili wakipiga hesabu, hesabu isikubali, wakaurudisha. Wakakaa siku kadhaa wakitazamana kwa huzuni. Mchoro haukuwa wao hata saa moja, lakini miaka thelathini baadaye, baada ya kupoteza mali yenye thamani kuliko huo mara nyingi, Li Qingzhao bado aliona lazima autaje.

Kisha wakaishi Qingzhou zaidi ya miaka kumi, na vitabu vikaongezeka. Baada ya chakula walikuwa na mchezo wao: mmoja ataje habari fulani, mwingine aseme iko kitabu gani, juzuu ya ngapi, ukurasa gani, mstari wa ngapi. Mshindi ndiye anayeanza kunywa chai. Mke alikuwa na kumbukumbu kali, akishinda anacheka kiasi kwamba chai inamwagikia nguoni asipate hata funda. Lakini hapo hapo anatia neno ambalo wasifiaji wa ndoa hii hulipita haraka. Maktaba ilipokamilika, makabati yalitiwa makufuli. Akitaka kusoma sharti aombe ufunguo na jina liandikwe daftarini, na akichafua ukurasa ataamriwa kuusafisha. Raha waliyoitafuta ikageuka wasiwasi. Basi akaanza kubana matumizi ya nyama, nguo na mapambo, ili anunue nakala zake za bei rahisi, za kushikwa na kusomwa bila hofu.

Mwaka 1127 Wajurchen, wavamizi kutoka kaskazini, walikuwa wameiteka Kaifeng, na kazi ya kuchagua vya kuacha ikaanza. Vikaachwa kwanza vitabu vikubwa vya kuchapwa, michoro ya vipande vingi, vyombo visivyo na maandishi. Wakachambua tena, na bado yakajaa magari kumi na matano. Vilivyosalia Qingzhou, zaidi ya vyumba kumi, viliteketea kabla mwaka haujaisha.

Zhao naye hakuufikia huo ugavana. Alikimbiza farasi kwenye jua kali akaugua homa, na mkewe, aliyemjua kwa papara yake, akaogopa kwamba atajijazia dawa za kupoza mwili. Ndivyo ilivyokuwa. Mashua ilikata maili za Kichina 300 kwa usiku na mchana mmoja, akamkuta hoi. Alishika kalamu, akaandika shairi, akafa bila kusema lolote kuhusu nyumba itakavyoendeshwa. Kwa vyombo alikuwa na mpangilio kamili; kwa mjane, hakuna.

Baada ya hapo hasara zilikuja kwa mafungu. Juzuu 20,000 za vitabu na nakala 2,000 zilizotangulizwa Hongzhou zilipotea mji ulipotekwa. Vyombo vya shaba aliviweka mahali akidhani ni salama, askari wakavichukua. Akaolewa tena mwaka 1132, ndoa ikavunjika baada ya kama siku mia moja, akamshtaki mume kwa udanganyifu akijua kwamba sheria ilimwadhibu mke anayemshtaki mumewe, akakaa kizuizini siku tisa. Wanazuoni wa karne za baadaye walijitahidi sana kuthibitisha kwamba ndoa hiyo haikuwapo, kana kwamba heshima yake ilikuwa mikononi mwao.

Kilichomuuma zaidi, nionavyo mimi, ni kidogo kuliko vyote: masanduku machache aliyoyabakiza chini ya kitanda huko Kuaiji na kuyafungua kwa mkono wake tu. Usiku mmoja ukuta ulitobolewa, matano yakaenda. Akatangaza zawadi. Siku mbili baadaye jirani akaja na hati kumi na nane akidai zawadi yake, kwa hiyo mwizi hakuwa mbali. Akamsihi, hakupata zaidi. Baadaye akasikia kwamba zilizosalia zilinunuliwa na ofisa mmoja kwa bei ya kutupa. Akabaki na vitabu vichache vya kawaida, visivyotimia juzuu zake, akavitunza kama mboni ya jicho, na akaandika waziwazi kwamba huo ni ujinga.