Chai ya Asubui ya Operasio



Juma hili tunataka kueleza jambo lenye lilitupata sisi wenyewe. Mama mwenye alipasuliwa ametupatia ruhusa ya kuandika, lakini jina lake tunaliacha kwake nyumbani.

Mwenzetu huyu anauzisha mikate ya mafuta kando ya barabara hapa Mashamba, na siku ya Yenga anaimba katika korali. Watoto wengi wa masomo wanaamuka wakimusikia anaita wanunuzi. Wakati wanganga walisema kwamba lazima apasuliwe juu ya uvimbe ndani ya kizazi, tulimupatia feza za likelemba mbele ya zamu yake. Mama mwenye zamu yake ilikuwa imefika alikubali kungojea. Kwa hiyo operasio ile ilikuwa yetu sisi wote.

Asubui ya siku ile, tulifika kwake mbele jua halijatoka. Tulikuwa tumesikia kwamba mutu mwenye kulalishwa usingizi mukubwa anaamuka na koo yenye kuuma, na tulitaka kutayarisha koo yake. Katika termosi tulitia tangawizi, sitronele na asali ya pori. Tuliongeza maziwa ya unga kusudi asisikie njaa. Alituambia, «Infirmiye alinikataza kula na kunywa.» Tukamujibu, «Hii si chakula, ni dawa.» Alikunywa vikombe viwili.

Ku hospitali walimuuliza kama amekula ao kunywa kitu. Mwenzetu hajui kusema uongo. Operasio ikaahirishwa mupaka juma lenye kufuata. Tulisema maneno mengi pale mulangoni, na hata leo tunasikia haya juu yake.

Munganga wa usingizi ndiye alituketisha chini. Alisema kwamba wakati mutu analalishwa, koo yake pia inalala. Mutu mwenye macho wazi, kitu kikipita njia mubaya, anakohoa. Mwenye kulala vile hawezi kukohoa. Chai na maziwa vinaweza kupanda kutoka tumboni na kuingia ndani ya mapafu, na hapo mutu anaweza kufa. Kwa kawaida chakula kinakatazwa masaa 6 mbele ya operasio, na chai yenye maziwa inahesabiwa kama chakula. Maji safi yanakatazwa masaa 2 mbele. Lakini kila mugonjwa afuate masaa yenye hospitali yake imemupatia. Dawa ya miti pia inaingia tumboni. Tumbo haijui kwamba tuliiita dawa.

Juma lenye kufuata alipasuliwa vizuri. Alipoamuka, kidonda cha tumbo hakikumuogopesha kama koo. Sauti ilikuwa kama ya mutu mwenye kusema ndani ya chupa. Maneno yalianza kutembea katika quartier: wamoja walisema wanganga wamekata mushipa wa sauti, wengine wakasema kuna mutu mwenye wivu amemuibia sauti. Mwenzetu alilia, na kulia kulimuumiza koo zaidi.

Tulirudi kwa munganga yule yule, sasa kwa heshima. Alitueleza kwamba wakati wa usingizi mukubwa, mara nyingi wanapitisha mupira mwembamba kinywani mupaka katika njia ya pumzi, katikati ya nyuzi za sauti, kusudi mutu apumue. Mupira ule unakwaruza kidogo, na hewa ya mashini inakausha koo. Ni jambo lenye linapata wagonjwa wengi, na kwa kawaida linapita kisha siku chache. Hakuna mushipa wenye ulikatwa. Maneno yale peke yake yalikuwa nusu ya dawa.

Kisha tuliuliza mbele ya kuleta kitu chochote. Wakati aliruhusiwa kunywa, tulimupatia maji kidogo kidogo. Kisha hii ndiyo ilimusaidia:

Munyu: nusu ya kijiko kidogo ndani ya gilasi ya maji ya vuguvugu. Alisukutua koo na kutema, mara tatu ao ine kwa siku.

Asali: kijiko kimoja ndani ya maji ya vuguvugu, si ya moto. Inapakaa koo na kupunguza ukavu. Mutoto mwenye hajafikisha mwaka 1 asipewe asali hata kidogo, na mwenye ugonjwa wa sukari aulize kwanza.

Sitronele na tangawizi: chai nyepesi. Tangawizi nyingi inachoma, na inaweza kusumbua mwenye kutumia dawa za kuzuia damu isigande. Ndimu kali tuliiacha, juu inaunguza koo yenye kukwaruzwa.

Uji mwepesi mbele ya kurudilia bukari. Na kimya. Tulimukataza hata kunongona, juu kunongona kunachokesha sauti. Tulitoa pia mbabula ya makala nje, na tukamwanga maji mbele ya mulango kusudi mavumbi ya makamyo yasiingie.

Mama mumoja alileta chupa ya mizizi yenye hakujua majina yake. Tulimushukuru na tukaiweka kando. Mwingine alisema juu ya majani matamu ya ule muti wenye mbegu nyekundu zenye jicho nyeusi. Wamama, tuuache! Mbegu zile ziko na sumu yenye inaua.

Tusifikiri kwamba wanganga wanachukia miti. Katika muji wa Lucknow, India, wanganga walichapisha katika mwaka wa 2009 utafiti juu ya wagonjwa 40: wamoja walisukutua maji ya reglisi, ule muzizi mutamu, dakika chache mbele ya usingizi. Koo yao iliuma kidogo kuliko ya wenzao. Katika mwaka wa 2013, Vienna kule Austria, wengine walijaribu kwa wagonjwa 236 na wakaona vilevile. Lakini angalieni: walisukutua na kutema, na munganga ndiye aliwapatia. Sisi tulileta termosi kwa siri mbele ya jua kutoka.

Kama koo inauma kupita juma moja, ao sauti haianze kurudi, murudi ku hospitali. Kama pumzi inakuwa nguvu na kufanya sauti, ao mutu anashindwa kumeza mate, ao anatema damu, ao ana homa, musingoje asubui na musiteke maji ya chai. Mumupeleke saa ile ile.

Kisha siku sita mwenzetu aliita jina la mutoto wake, na mutoto akaitika kutoka nje. Siku hizi anaita wanunuzi tena. Feza zenye tulipoteza kwa kuahirisha, tumekubaliana kuzirudisha kidogo kidogo sisi wenye tulibeba termosi, hapana yeye.

Wakati mwenzetu mwingine ataenda kupasuliwa, tutafika tena asubui sana. Tutabeba kitenge cha kumufunika, na maombi. Termosi itabakia nyumbani mupaka munganga aseme ndiyo.

Mubakie na afya.