Kabla Uuze Mbuzi Ununue Spika Mpya, Angalia Nyuma ya Risiva Yako

Leo hakuna vichekesho, leo tunaongea pesa. Msimamo wangu ni huu: ile risiva ya zamani mnayoambiwa imepitwa na wakati, mara nyingi haina shida yoyote. Inakosa waya mmoja tu, na mtu wa kukuonyesha uuchomeke wapi. Na kuna watu wako karibu kuuza mifugo kwa sababu ya huo waya.

Nasema hivi kwa sababu ilitaka kutokea kwetu Gotu. Kama hujui Gotu, ni hapa Isiolo, kando ya mto Ewaso Ng'iro, kule kwenye maporomoko ambayo watu wa mjini mnakuja kupigia picha. Mjomba wangu, ndugu ya mama, kwa Kiborana namwita abuya, ana kibanda cha video. Mabati, benchi za mbao, TV moja, spika tano na wufa. Risiva yake ni ile tunaita ex-UK, mitumba ya elektroniki kutoka Uingereza, ya miaka ya 2000 hivi, nzito kama gunia la mahindi. Kwa miaka mingi ilikuwa inacheza na deki ya DVD na ile TV ya mgongo mkubwa, na hakuna mtu aliyelalamika.

Kisha TV ya mgongo ikafa. Abuya akanunua TV bapa, akarudi nyumbani na zile waya zake nyekundu, nyeupe na njano, akazunguka TV yote akitafuta pa kuzichomeka. Hakuna. Akaenda duka moja mjini kuuliza. Akaambiwa risiva hiyo sasa ni chuma chakavu, achukue mfumo mpya wa sauti, shilingi 32,000.

Sasa elewa hiyo 32,000 kwa lugha ya huku. Hiyo ni mbuzi wanne, pengine watano. Na hawa si mbuzi wa kawaida. Ni wale waliobaki baada ya ule ukame ulioanza 2020, mvua ikakosa misimu mitano mfululizo, watu wakaona mizoga kila upande wa barabara. Mtu aliyevuka ukame huo na mbuzi wachache hawezi kuwauza hivi hivi tu.

Nikamuuliza, “Abuya, kwani risiva imeharibika?”

“Haijaharibika. Ukiweka redio inalia vizuri sana. Lakini wamesema haiwezi kuongea na TV za siku hizi.”

“Waliangalia nyuma yake?”

“Hata hawakuuliza ni ya aina gani.”

Manze, hapo ndipo nilipokasirika. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, kwa hivyo si injinia na sitaki kujifanya. Lakini kusoma maandishi yaliyo nyuma ya mashine hakuhitaji digrii.

Acha niwaeleze ile kitu nilimweleza abuya. Picha na sauti ni abiria wawili. Kwenye HDMI wanapanda matatu moja, waya mmoja unabeba wote. HDMI ilitoka mwisho wa mwaka 2002, na risiva nyingi hazikuwa na hilo tundu hata miaka kadhaa baadaye. Kwa hivyo watu wanaona TV ina HDMI, risiva haina, wanasema basi, mwisho wa safari. Lakini hakuna sheria inayosema abiria wote washuke stegi moja. Picha ishuke kwa TV. Sauti iendelee mpaka kwa risiva na waya mwingine. Risiva ya zamani haina haja ya kuona picha hata kidogo. Kazi yake ni kupiga kelele.

Kwa hivyo king'amuzi, laptopu, chochote ulicho nacho, chomeka HDMI moja kwa moja kwa TV. Kisha geuza TV utafute sauti inatokea wapi. Njia ziko tatu au nne hivi.

Ya kwanza, na ndiyo naipenda, ni tundu dogo la mraba lililoandikwa OPTICAL. Linapitisha sauti kwa mwanga. Ukiwasha TV na uchungulie, utaona taa nyekundu ndani. Risiva nyingi za miaka ya 2000 zina hilo tundu pia, kwa sababu deki za DVD zilikuwa zinalitumia. Ya abuya ilikuwa nayo mawili, yamejaa vumbi, hayajawahi kuguswa. Waya wake nilinunua kwa shilingi 350. Angalia tu ncha zake: zinakuja na vifuniko vidogo vya plastiki ambavyo lazima uvitoe, la sivyo mwanga haupiti na utasema waya ni mbovu.

Na kuna faida nyingine. Kama spika zako zinatoa ule mvumo wa “mmmm” usioisha, mara nyingi ni umeme unaozunguka kati ya mashine kupitia waya za chuma. Waya wa mwanga haupitishi umeme, kwa hivyo mvumo wa aina hiyo unakatika.

Ya pili ni COAXIAL, tundu moja la duara, mara nyingi la rangi ya machungwa. Inabeba sauti ile ile ya kidijitali, ila kwa waya wa shaba. Ya tatu ni tundu la hedifoni: nunua waya wenye ncha ya hedifoni upande mmoja, nyekundu na nyeupe upande mwingine. Hiyo unachomeka kwa CD, AUX au TV nyuma ya risiva. Usichomeke kwa PHONO. Hiyo ni ya santuri, ina ampu yake ya ziada ndani, na sauti itatoka imepasuka na imejaa besi ya ajabu.

Na kama TV yako haina hata moja kati ya hizo, kuna kiboksi kidogo kinachokaa katikati ya waya wa HDMI. Picha inapita kwenda TV, sauti inatolewa kando kwa optical au kwa nyekundu na nyeupe. Hata hicho ni bei ndogo sana ukilinganisha na 32,000.

Mtaniuliza kuhusu ARC, ile HDMI inayorudisha sauti kutoka TV. Ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. Risiva iliyotengenezwa kabla ya hapo haina, na hakuna mpangilio utakaoiamsha. Usipoteze jioni yako.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanakata tamaa. Umechomeka optical, king'amuzi kinalia vizuri, halafu unafungua Netflix na kunakuwa kimya. Au inatoa krrrr kama mahindi kwenye sufuria. Unaona risiva imekufa. Haijakufa, imeongeleshwa lugha isiyoijua. Programu za filamu hutumia sana Dolby Digital Plus, na risiva za zamani zinajua Dolby Digital ya kawaida, DTS na PCM. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV, tafuta sauti ya kidijitali, toa AUTO, weka PCM. PCM ni sauti ambayo TV imeshaitafsiri yenyewe. Risiva zote zenye optical zinaielewa.

Utaniambia, lakini PCM kwa optical ni chaneli mbili tu, na mimi nina spika tano. Kweli. Lakini bonyeza ile batani ya SURROUND au DOLBY PL kwenye rimoti. Risiva nyingi za kuanzia miaka ya 2000 zina Pro Logic II, ambayo inachukua sauti ya chaneli mbili na kuisambaza. Kinacholingana kushoto na kulia inakipeleka spika ya katikati, kinachotofautiana inakitupa pembeni na nyuma.

Jaribu na filamu ya DJ Afro. Sauti yake ya kusimulia huwa inatoka sawa pande zote mbili, kwa hivyo risiva inaisukuma yote katikati, chini ya TV. Milio ya risasi na muziki vinaenda kando. Siku tuliyowasha, mzee mmoja pale kibandani aligeuka kuangalia ukuta wa nyuma, alidhani pikipiki imefika. Hiyo ni mashine ya zaidi ya miaka 15 na waya wa shilingi 350.

Kuna mtu ataandika hapa chini, “Si utumie tu Bluetooth?” Kwa muziki, tumia. Kwa mechi, hapana. Sauti ya Bluetooth huchelewa kidogo njiani. Agosti 2025, wakati wa CHAN, Harambee Stars walitolewa robo fainali na Madagascar kwa penalti. Kibanda kilikuwa kimejaa mpaka watu wanachungulia dirishani. Fikiria penalti inapigwa, unaona kipa amelala upande, ndipo mtangazaji anasema mpigaji anakimbilia mpira. Watu wangerusha viatu. Waya hauna hiyo shida sana. Ikitokea sauti inatangulia picha, risiva nyingi zina mpangilio wa kuchelewesha sauti kidogo. Lakini sauti ambayo tayari imechelewa, huwezi kuirudisha nyuma.

Na wale wenye risiva zenye HDMI za mwanzo mwanzo: ukipitisha picha ya 4K ndani yake, unaweza kupata skrini nyeusi. Ulinzi wa filamu za 4K unataka kila mashine njiani ijue HDCP 2.2, na yako haijui. Dawa ni ile ile. Picha iende TV, risiva ipewe sauti tu.

Simu je? Usinunue waya wa USB-C kwenda HDMI kabla hujajua kama simu yako inatoa picha kwa tundu hilo. Simu nyingi za bei nafuu hazitoi, hata kama tundu linafanana kabisa. Sisi tunaweka filamu kwa flashi na kuichomeka kwa TV. Mtandao wenyewe huku unakuja na kuondoka, na bando si bure.

Jambo moja la stima. Risiva hizi zinakula umeme kuliko spika mpya. Kibanda cha abuya kinatumia sola na betri, kwa hivyo tulisoma zile wati zilizoandikwa nyuma kabla ya kuwasha chochote. Mashine za Uingereza zinaingia vizuri kwa umeme wetu, na hata plagi ni ile ile. Ukinunua iliyotoka Marekani au Japani, soma volti kwanza. Nyingine zinataka 120 au 100, na ukizichomeka kwa 240 zinatoa moshi na hiyo inakuwa mwisho wake.

Sisemi kila kilichozeeka ni dhahabu. Kama risiva inanukia kuungua, inajizima yenyewe, au upande mmoja umenyamaza hata ukibadilisha waya na spika, mpe fundi, na kama fundi amekataa, iache. Na kama una doo zako na unataka Atmos yenyewe na spika za darini, nunua, furahia, nitakuja kwako kutazama.

Ninachokataa ni mtu kuambiwa atupe kitu na muuzaji ambaye hata hajakigeuza kukiangalia. Muuzaji anauza, hiyo ndiyo kazi yake, sina neno. Lakini sisi vijana ndio tunaojua kusoma hizo herufi, ndio tuna simu za kutafuta maana yake, halafu tunawaacha wazazi wetu waende dukani peke yao. Mzee hawezi kujua PCM ni nini. Wewe unaweza kujua kwa dakika tano.

Na kile kibanda si mchezo tu. Gotu tuko Waborana na Waturkana, na kila mtu Isiolo anajua tumewahi kugombania malisho na maji, na watu wamekufa. Kwenye hizo benchi vijana wa pande zote mbili wanabanana wakilia penalti moja. Sauti ikiwa mbovu watu hawaji, kila mtu anabaki kwao na kasimu kake. Mbuzi watano wangeuzwa, au kibanda kingefungwa. Yote mawili kwa sababu hakuna aliyegeuza risiva.

Kwa hivyo fanya hivi wikendi hii. Nenda nyumbani, au kwa shangazi, au kwa yule jirani mwenye spika kubwa zilizogeuzwa meza ya maua. Piga picha nyuma ya risiva na nyuma ya TV. Mbele usijisumbue napo, huko kuna jina la kampuni tu. Niwekee hizo picha mbili kwenye komenti na nitakuambia waya gani ununue. Nikishindwa, kuna mtu kwenye hii mbogi ataweza. Na ukienda dukani, nenda na mzee wako, na wewe ndiye uulize maswali.