Ulimi wa Msomaji

Msomaji wa Misa ya Kiswahili katika parokia za Kenya aghalabu hujitolea tu. Halipwi hata ndururu. Nafasi yake ilipanuka baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao hati yake kuhusu liturujia ya mwaka 1963 ilizifungulia mlango lugha za waumini. Mnamo Januari 2021, hayati Papa Fransisko alirekebisha sheria ya Kanisa ili wanawake nao waweze kuwekwa rasmi katika huduma hiyo.

Hata hivyo, cheo si hoja. Hoja ni ulimi. Msomaji aliyeathiriwa na lugha yake ya kwanza akitamka "mahari" badala ya "mahali", makao ya Mungu hugeuka mali ya posa. Akisema "kuzuru" badala ya "kudhuru", adui anayeumiza huwa mgeni anayetembelea. Muumini asiye na Biblia mkononi ataling'amuaje kosa hilo? Maadamu wapo wanaolipokea Neno kwa sikio pekee, msomaji hana budi kulipitia somo mapema, kwa sauti, akipima vituo na kiimbo. Saa hiyo ya maandalizi, isiyoshuhudiwa na yeyote, ndiyo sadaka yake hasa.