Tuliigiza Hadi Kanisani

Sisi ni mume na mke, na sote wawili tunaishi kwa kuigiza. Tulikutana Bagamoyo, katika chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Huko tulifundishwa kutoa sauti ifike mstari wa nyuma, na kumsikiliza mwenzako jukwaani kana kwamba hujui atakachosema, hata kama mmeyarudia maneno hayo mara hamsini.

Baada ya chuo tulizunguka vijijini na michezo ya kuelimisha juu ya Ukimwi, tukilipwa posho. Zikaja filamu za CD zilizouzwa Kariakoo. Tulilipwa kwa siku za kazi tu, na nakala za wizi zilipojaa mitaani hatukuwa na cha kudai. Leo riziki yetu ni tamthilia za televisheni. Mwezi huu kuna kazi, mwezi ujao simu haiiti. Hapo mmoja wetu husherehesha harusi, mwingine huuza vitenge.

Usharikani watu walikuwa na maswali. Siku moja baada ya ibada, mama mmoja wa heshima alimwita mmoja wetu pembeni. "Mwanangu, jana nimekuona kwenye televisheni umekaa baa. Watoto wa shule ya Jumapili nao wamekuona."

"Shikamoo mama. Ni kweli, ni kazi."

Jibu letu refu tulikuwa nalo tayari. Nabii Nathani alimwendea Daudi na hadithi ya mwana-kondoo wa maskini, na mfalme akamkasirikia mkosaji kabla hajajua kwamba ni yeye mwenyewe. Ezekieli naye aliamriwa kulala ubavu wa kushoto siku 390 mbele ya watu. Hadithi hufika mahali ambapo karipio halifiki. Hayo tunayaamini hadi leo.

Lakini kuna swali ambalo mama yule hakuuliza. Mwaka huo tulipewa nafasi ya mume na mke wanaopendana sana. Nyumbani ilikuwa wiki ya tatu hatusemezani, kwa sababu mmoja wetu alikopa kimyakimya ili kulipa kodi ya nyumba, na riba ikatuzidi. Tulipanda daladala moja hadi kazini bila neno. Taa zikawashwa, tukashikana mikono, tukacheka. Mwongozaji akafurahi. Jumapili tukakaa benchi moja kanisani, tukashikana mikono na watu, tukacheka vilevile. Safari hii hakukuwa na mwongozaji wala kamera.

Wiki hiyo somo la jumuiya lilikuwa Mathayo 6. Mwinjilisti akaeleza kwamba neno la Kigiriki lililotafsiriwa "wanafiki" lilikuwa pia jina la mwigizaji wa jukwaani. Watu wakatugeukia wakacheka, bila ubaya. Sisi tuliinamisha vichwa. Jukwaani hatumdanganyi mtu, maana kila mtazamaji anajua kuwa ule ni mchezo. Uongo wetu ulikuwa pale kwenye benchi.

Usiku ule, watoto walipolala, tulikaa jikoni. Aliyekopa akasema yote, hata kiasi alichokuwa amekificha. Mwingine alikuwa na majibu makali mdomoni, lakini akajaribu kusikiliza kana kwamba hajui kitakachosemwa. Na kweli hakujua. Hakujua kwamba mwenzake alikuwa ameogopa kudharauliwa. Tuliomba kwa maneno machache. Deni lilituchukua miezi minane, na kuaminiana kulichukua muda zaidi ya huo.

Bado tunaigiza. Bado tunapokea nafasi za walevi na wadanganyifu, na mama yule bado hutuuliza, nasi tunamshukuru kwa kutuangalia. Ila sasa, wiki ikituendea vibaya, tunaiambia jumuiya kwamba imetuendea vibaya.

Ndugu msomaji, huenda hujawahi kupanda jukwaani. Hata hivyo, Jumapili ijayo mlangoni mwa kanisa utaulizwa, "Habari za nyumbani?" Tafuta angalau mtu mmoja wa kumjibu kweli. Bwana atusaidie sote.