Eropleni Isiyopata Kuwako

Kazi ya kuunga mifano midogo ya eropleni si ngeni huko Ulaya, wala si mchezo wa watoto peke yao. Mtu hununua sanduku, na ndani yake mna vipande vya plastiki vilivyoshikamana na vijiti vyake kama matunda machanga mtini. Huvikata, huvipiga msasa, huviunga kwa gundi, kisha huvipaka rangi. Gundi yenyewe si kama ile ya seremala, maana huiyeyusha plastiki kidogo pande zote mbili, hata vipande viwili vikawa kitu kimoja. Kipimo kinachopendwa sana ni 1 kwa 72, nacho chatoka Uingereza, ambako inchi moja ilisimama badala ya futi sita. Masanduku ya Frog Penguin yaliuzwa kwa kipimo hicho tangu mwaka 1936.

Sisi tulijifunza kazi hii katika majira ya baridi huko Leipzig, Ujerumani, tulipokuwa tukikaa na mpwa wetu aliyekuwa akisoma, siku zile ambazo jua hutua saa kumi alasiri na mtu hana pa kwenda.

Basi wako mafundi ambao sanduku moja haliwatoshi. Huchukua mawili au matatu, wakatwaa bawa la huku na mkia wa kule, wakaunda eropleni ambayo haikupata kuruka popote ila katika fikra zao. Mtu atadhani kazi hiyo ni nyepesi kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa hakuna picha ya kumsuta fundi. Sivyo hata kidogo. Aundaye mfano wa kitu kilichokuwako, maswali yote yamekwisha kujibiwa na wengine kabla yake. Aundaye kisichokuwako hana budi kuyajibu mwenyewe: magurudumu yatalala wapi, injini zitavuta hewa kwa njia gani, rubani ataonaje chini. Akikosa jibu, kila mtazamaji ataona kwamba kitu hiki ni takataka zilizogandishwa pamoja.

Mpwa wetu alitaka tuunde eropleni ya Kirusi ya kushambulia askari na vifaru kwa kuruka chini chini, namna ile waliyoiita Shturmovik. Ya kwanza yenye sifa ilikuwa Il-2 ya fundi Ilyushin, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1939, nayo ikaundwa zaidi ya 36,000. Sehemu yake ya mbele haikuwa kiwiliwili cha kawaida kilichobandikwa mabamba. Deraya yenyewe ndiyo iliyokuwa kiwiliwili, imekunjwa kama mtumbwi wa chuma, na injini na rubani wakakaa ndani yake. Baada ya vita mafundi wa Ilyushin waliendelea, wakaunda Il-40 yenye injini mbili za jeti, ikaruka mwaka 1953. Lakini mwaka 1956 wakubwa wa Kisovieti walilivunja kundi zima la Shturmovik, na Il-40 ikaachwa. Ilipita karibu miaka ishirini, ndipo mwaka 1975 ikaruka Su-25, ambayo hata jeshi la Kongo limepata kuitumia.

Hapo ndipo tulipopata nafasi yetu. Tulisema, tuseme mwaka 1956 hawakulivunja kundi lile. Je, katika miaka ya sitini wangalirusha eropleni ya namna gani?

Tulinunua sanduku la Su-25 yenye viti viwili, na katika soko la vitu vikuukuu tukapata la Il-28, eropleni ya kutupa mabomu ya mwaka 1948. Kwa Su-25 tulitaka pua na chumba cha rubani, kwa Il-28 mabawa, injini na mkia. Mabawa ya Il-28 yalikuwa marefu mno. Ncha hata ncha yalipata karibu sentimita 30 mezani petu, nayo eropleni irukayo chini kati ya vilima yataka bawa fupi. Tukakata sentimita tatu na nusu kila upande, ambazo kwa eropleni ya kweli ni mita mbili na nusu. Midomo ya kuvutia hewa iliyo mabegani mwa Su-25 tukaiondoa, maana injini sasa zilikuwa chini ya mabawa. Matundu yaliyobaki tukayafunika kwa vibamba vya plastiki na udongo wa kuzibia nyufa, tukapiga msasa jioni tatu. Lakini Su-25 huyakunja magurudumu yake ubavuni, mahali pale pale tulipopaziba. Tukashukuru kuona kwamba Il-28 huyakunja ya kwake ndani ya vifuko vya injini. Mabawa yalikuwa yamekuja na jibu lake.

Nguvu nayo tuliipigia hesabu. Injini ya VK-1 ya Il-28 husukuma kwa kilo 2,700, na ile ya kwanza ya Su-25 kwa kilo 4,100. Kwa hiyo eropleni yetu ilikuwa na kilo 5,400 tu mahali pa 8,200. Il-28 iliweza kuinuka na tani 18 kwa nguvu hiyo hiyo, bali ilitaka uwanja mrefu, na Shturmovik haifai kitu ikiwa haiwezi kuruka kutoka kiwanja kibovu karibu na vita. Basi yetu sharti iwe nyepesi, na kila kilo idaiwe sababu yake.

Ilipofika zamu ya mkia ndipo tulipokwama. Il-28 ina kijumba cha vioo mwisho kabisa, na humo hukaa mtu peke yake na bombomu mbili, akilinda mgongo wa wenziwe. Tulikwisha kuuunga mkia huo, ingawa ulizidi unene wa kiwiliwili milimita nne na tulilazimika kuujazia pande zote. Mpwa wetu akamtia mtu wa plastiki kitini, akamtazama kitambo.

"Mjomba," akasema, "rubani umemfanyia deraya. Huyu wa nyuma amekosa nini?"

Tukamweleza habari za Il-2. Zile za kwanza zilizopelekwa vitani zilikuwa na rubani peke yake, zikaangushwa kwa wingi na eropleni za Wajerumani zilizozijia kwa nyuma. Mwisho wa mwaka 1942 akaongezwa mpiga bombomu nyuma ya rubani. Lakini mtumbwi wa chuma ulikwisha kuishia mgongoni mwa rubani, na kuurefusha kungaliongeza uzito. Kwa hiyo yule wa pili alikaa nje ya deraya, juu ya mkanda wa turubali, naye ndiye aliyeelekea risasi. Walikufa wengi kuliko marubani waliowalinda. Ni Il-10 ya mwaka 1944 iliyomwingiza ndani ya chuma.

Kijana akanyamaza, kisha akasema hataki eropleni yetu iwe hivyo, maana sisi hatuna vita vinavyotuharakisha. Hilo hatukuweza kulipinga. Lakini deraya mwisho wa mkia ingaliuelemeza nyuma. Hata mfano wenyewe ulikuwa ukikaa mkia chini, pua juu, tukalazimika kuushindilia chubwi za wavuvi puani. Ndipo tulipokumbuka namna mafundi wa Il-40 walivyofanya: walimweka mpiga bombomu nyuma ya rubani, wamepeana migongo ndani ya deraya moja, na bombomu ikabaki mkiani ikigeuzwa kutoka mbali. Nasi tulikuwa na viti viwili vya Su-25. Tukamtoa yule mtu mkiani, tukakigeuza kiti cha pili kielekee nyuma, tukamketisha. Vioo vya mkiani tukaviziba na kuvipaka rangi moja na kiwiliwili.

Ikabaki bei yake. Tulikisia kwamba kurefusha deraya impate na mtu wa pili kungegharimu kilo 400 au zaidi kidogo. Mpwa wetu alikuwa amekwisha kubandika vishikio vinane vya mabomu chini ya mabawa, kazi iliyomchukua Jumamosi nzima, naye alivipenda. Tukamwambia achague mwenyewe. Akatwaa kisu, akang'oa viwili vya nje, kimoja kila upande, pamoja na mabomu yake ya kilo 250. Palibaki vishimo viwili vidogo vyenye gundi. Akavijaza udongo, akauacha ukauke usiku kucha, na asubuhi akavipiga msasa hata kidole hakikuweza kujua palipokuwa.